Daftari la Kumkamata Mtia Sumu

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa mifugo ameniachia daftari hili pamoja na kalamu yake mwenyewe. Amesema niandike kila siku: nguruwe wamekula nini, hali ya hewa ikoje, nani ameingia bandani, kazi gani imefanyika, nani ameumwa, nani amekufa. "Hata jambo dogo, mama, wewe liandike tu. Hayo madogo ndiyo yanayonisaidia." Ni binti mdogo, umri wa kuwa mwanangu kama ningezaa, lakini anaongea kama mwenye mvi.

Basi naandika. Jana asubuhi nimekuta watoto wawili wa Malkia wamekufa. Malkia ni jike letu kubwa, alizaa kumi na mmoja mwishoni mwa Februari. Juzi jioni niliwaacha wananyonya na kusukumana kama kawaida yao. Asubuhi wawili wamelala ubavu, masikio yamegeuka zambarau, povu mdomoni. Na si wale dhaifu! Ni wale wanene kuliko wote, niliokuwa nawaita Mabosi. Ugonjwa ungeanza na wanyonge. Anayechagua wanene ni binadamu.

Daktari alitaka mizoga, lakini nilikuwa nimekwisha kuifukia. Amesema akifa mwingine tusimzike wala tusimpasue, tumpigie simu aje amchukue mzima, apelekwe maabara.

Yeye anataka daftari la ugonjwa. Mimi naliandika nimkamate mtu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wamekula pumba na makombo. Hakuna aliyekufa.

Daktari atataka kuwajua watu wa nyumba hii, basi niwaweke hapa. Nyumba tuliachiwa na baba: vyumba vitatu, ua, na banda la nguruwe nyuma ya jiko. Tunakaa mimi, mdogo wangu wa kiume, na mke wake. Mdogo wangu ni fundi pikipiki na kila mtu anamwita Fundi, hata mimi. Kipimo chake cha injini ni masikio. Anasimamisha bisibisi juu ya injini inayounguruma, anabana mpini sikioni, anafumba macho, halafu anakwambia ni beringi ipi imekufa. Watu wanatoka mbali kuja kumwona akifanya hivyo, na mimi huwa napita pale karakana bila sababu yoyote ili nione wanavyomwangalia.

Mke wake, wifi yangu, ni mpishi wa hosteli ya wanafunzi. Kila alasiri anarudi na ndoo mbili za makombo ya nguruwe. Ni mwaka wa nne yuko hapa na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mtu wa kunyamaza mimi simwamini. Mtu mwenye mdomo kama wangu unajua anachowaza, kwa sababu hakikai tumboni dakika tano.

Mimi wananiita Bi Koleo. Watoto wa nguruwe huzaliwa na meno manane makali kama sindano. Wanamng'ata mama yao chuchu mpaka anawakataa, na wao kwa wao wanachanana nyuso. Lazima ncha zikatwe siku ya kwanza au ya pili. Baba alikuwa akiwakatia majirani wote kwa koleo lake dogo, na alipofariki nikarithi koleo na kazi yake. Sijawahi kumtoza mtu. Miaka thelathini koleo lile halijaona tone la maji, maana baba alinifundisha kwamba maji ni kutu. Nikimaliza nalifuta kwa kitambaa chake chenye mafuta, nalikunja humo humo, na linang'aa kama limetoka dukani jana.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Pumba na makombo. Kibonge, jike letu la pili, amezaa wanane. Nimewakata meno.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimekata meno ya watoto tisa kwa Mama Mapacha, mtaa wa nyuma. Tumekunywa chai, tumecheka sana.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimeshuhudia kwa macho yangu. Asubuhi nimeingia na pumba, nikamkuta mtoto mwingine wa Malkia ameanguka ubavu, miguu yote minne inapiga hewa kama mtu anayeendesha baiskeli. Macho yanazunguka. Nikamnyanyua, mwili una moto. Akanifia mikononi kabla sijamwita Fundi.

Nilimpigia daktari. Akasema mto umekata barabara, gari halipiti, nimweke mahali pa baridi mpaka kesho. Mahali pa baridi ni wapi katika nyumba hii? Saa tisa alikuwa ameanza kunuka. Nikamfukia.

Wifi alipofika na ndoo zake nilimngoja mlangoni.

"Wifi, leo umewaletea nini?"

"Maganda ya viazi na wali uliobaki."

"Hakuna cha ziada?"

"Cha ziada kama nini?"

"Unajua mwenyewe."

Akaziweka ndoo chini polepole. "Wifi, mimi nawapikia watoto wa watu mia mbili. Ningekuwa na mkono wa sumu ungeshasikia."

Neno sumu mimi sikulitaja. Akabeba ndoo zake akapita. Januari huyu huyu alimwambia Fundi kwamba harufu ya banda inamtia kichefuchefu, na kwamba pale pangejengwa chumba kizuri cha kupangisha. Nilikuwa jikoni, nilisikia kila kitu. Sijasahau.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Asubuhi nimekata meno ya watoto kumi na wawili kwa Mwalimu Mstaafu. Mikono yake inatetemeka siku hizi, hawezi mwenyewe. Wetu wamekula pumba tu. Makombo nimeyamwaga shimoni wifi akiwa anatazama.

Alhamisi, 14 Machi

Mtoto mmoja wa Kibonge amekufa. Nimekuta ameshakauka. Wa Malkia wawili wanachechemea, viungo vimevimba kama vimetiwa hewa.

Jumamosi, 16 Machi

Mama Mapacha amekuja mbio bila hata mwavuli. Watatu wamemfia tangu jana, wanene, kwa mtindo ule ule wa baiskeli. Nikamuuliza anawapa nini. Akasema pumba, na Jumatano wifi yangu alimpelekea ndoo moja ya makombo, maana mimi nimeyakataa.

Nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya Januari, nikamwambia ya neno sumu, nikamwambia kwamba mtu wa kunyamaza mimi simwamini. Mama Mapacha alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili. "Na watoto wa hosteli je?" akauliza. "Wanakula mkono huo huo!"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikanyamaza, naye akakuchukua kunyamaza kwangu akaondoka nako.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Wifi amerudi saa nne asubuhi, hana ndoo. Hosteli wamemsimamisha kazi. Kuna mtu amepeleka maneno. Amevua aproni, ameifua, ameianika chini ya upenu, kisha ameingia chumbani akafunga mlango.

Fundi amezunguka ua mzima akiuliza, "Nani amemsema mke wangu? Nani?" Nikainama kuchambua mchele. Mchele ulikuwa safi.

Jumatano, 20 Machi

Mwalimu Mstaafu amepoteza wawili. Yeye hatumii makombo, hajawahi. Nimelala nikiwaza jambo hili. Labda aliazima ndoo. Nitamuuliza.

Alhamisi, 21 Machi

Sikumuuliza. Mvua ya mawe jioni. Fundi amechanwa kidole gumba na mnyororo wa pikipiki, wifi amemfunga kitambaa.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nitaandika hata kama mkono utauma.

Asubuhi amekufa mtoto mwingine wa Kibonge, yule mwenye doa jeusi mgongoni. Nilimtoa nikamlaza juu ya gunia katikati ya ua, nikamwita wifi kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Njoo uone kazi yako!"

Akatoka akiwa na mwiko mkononi. Alimtazama yule mtoto muda mrefu. "Wifi, wiki nzima hawajala kitu nilichokigusa mimi."

"Sumu nyingine hukaa."

"Sumu gani? Itaje jina."

Fundi akatoka na kidole chake kimefungwa, bado anatafuna. Akasimama katikati yetu kama alivyokuwa akisimama utotoni baba na mama wakigombana. "Dada, yatosha. Mpigie daktari."

"Daktari na barabara yake! Mpaka afike ushahidi umeoza. Mpasue. Tumboni sumu itaonekana."

"Daktari amesema tusipasue."

"Daktari hajui nani analala nyumba hii."

Akanitazama, na sijui kama nitakuja kulisahau jicho lile. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. "Nikimpasua," akasema, "na kusiwe na sumu, utamwomba mke wangu msamaha? Hapa hapa, mbele yangu?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na hakika.

Akaenda kuchukua kisu cha jikoni. Wifi akamshika mkono, akamwambia kidole chako kina kidonda. Fundi akamjibu kwamba kidonda ni kidogo, na hili jambo ni kubwa. Kitambaa alikivua kwa sababu kilikuwa kinamzuia kushika mpini. Nilimwona akikivua. Kilikuwa juu ya jiwe la kufulia, chenye doa la damu, na sikusema kitu.

Alimpasua tangu kidevu mpaka mkiani. Tumboni kulikuwa na maziwa yaliyoganda, basi. Kifuani maji ya njano yenye nyuzinyuzi. Akakata goti lililovimba, ukatoka usaha. Hatukuona rangi ya ajabu wala harufu ya dawa.

"Haya, dada," akasema, damu imemfika viwikoni. "Iko wapi?"

Nikasema sumu huenda imeshayeyuka. Nikaingia ndani. Msamaha sikuomba.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Hakuna anayeongea na mwenzake.

Jumapili, 24 Machi

Fundi kaamka kichwa kinamuuma. Anatetemeka. Tumempa dawa ya malaria.

Jumatatu, 25 Machi

Mchana alianza kutapika. Wifi alijaribu kumwinua anywe maji, shingo ikakataa kukunjwa, ngumu kama mti. Akawa anamwita mama yetu aliyekufa miaka kumi na sita iliyopita. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali, iliyo upande wetu huu wa mto. Njiani alikuwa akipiga miguu kwenye kiti cha mbele, na mimi nilikuwa nimemshika magoti. Nimeshaiona ile miguu. Sikuweza kuwaambia wenzangu nimeiona wapi.

Jumatano, 27 Machi

Wamemtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Daktari wa hospitali ametuita mimi na wifi kwenye kijichumba chake. Amesema kuna bakteria kwenye maji yale, wameingia mpaka kwenye ngozi inayofunika ubongo. Akauliza, "Anashughulika na nguruwe?"

Wifi ndiye aliyemweleza: nguruwe wanaokufa ghafla, kisu, kidole. Alieleza kila kitu kwa mpangilio isipokuwa kwa nini Fundi alimpasua yule mnyama. Alipofika hapo alisema tu, "Tulitaka kujua kinachowaua."

Tulitaka, amesema. Mimi na yeye.

Kwa hiyo si sumu. Naliandika hapa ili nisije nikajidanganya kesho. Lakini nilipofika kwenye benchi la nje nilikuwa nimeshaanza tena: kama si sumu basi ni vijidudu, na vijidudu vimekuja na ndoo za hosteli. Nimebadilisha kosa, mshtakiwa nimemwacha yule yule. Sijui nina moyo wa namna gani.

Ijumaa, 29 Machi

Amefungua macho! Amemtambua mkewe, amenitambua mimi. Homa imeshuka. Nililia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Niliporudi, wifi alikuwa amemwinamia akimwambia kitu, naye anamtazama midomo. "Mbona mnanong'ona?" akauliza Fundi, kwa sauti kubwa ya kuamsha wodi nzima. "Ongeeni basi."

Wifi alikuwa hanong'oni.

Jumatatu, 1 Aprili

Wamempima masikio kwa mashine. Kulia hakuna kitu. Kushoto hakuna kitu. Daktari amesema hata mtu akipona, bakteria huyu mara nyingi huacha alama hii, na si wengi wanaorudishiwa masikio. Tusubiri, lakini tusijenge matumaini makubwa.

Nimekwenda karakana kufunga. Bisibisi yake imelala juu ya benchi.

Jumamosi, 6 Aprili

Barabara imefunguka. Daktari wa mifugo amefika na boksi la barafu, kwa bahati mbaya au nzuri asubuhi hii amekufa mmoja wa Malkia, amemchukua mzima. Amepitia banda zima. Ameuliza makombo yanaandaliwaje. Nikamwambia sijui, aulizwe mwenyewe.

Wifi akasema, "Huwa nayachemsha hosteli kabla ya kuyabeba. Halafu nikifika nayachemsha tena, kwenye ile sufuria kubwa."

"Tangu lini?" daktari akauliza.

"Tangu mwaka juzi. Nilisoma kibandiko ofisini kwenu."

Nimekaa katika nyumba hii miaka miwili na moshi wa ile sufuria, nikidhani anachemsha maji ya kuoga.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua kidogo. Nimempelekea wifi uji hospitali. Amenishukuru. Ananiita wifi kwa sauti ile ile ya siku zote, na hiyo ndiyo inayoniua.

Jumatatu, 15 Aprili

Daktari wa mifugo amekuja na majibu. Wifi alikuwa hospitali, nilikuwa peke yangu. Tumekaa jikoni.

Ni bakteria, jamii ile ile iliyopatikana kwa Fundi. Akanieleza taratibu. Nguruwe mkubwa anaweza kumbeba kooni maisha yake yote, na ukimtazama utasema mzima. Watoto wengi wanampata kwa mama na hawadhuriki. "Ila akipata njia ya kuingia kwenye damu," akasema, "anakwenda kwenye viungo, moyo, ubongo. Mtoto ananyonya jioni, asubuhi amekufa. Mara nyingi wanene ndio wanaotangulia. Watu wengi hudhani ni sumu."

"Njia gani ya kuingia?"

Aliomba daftari. Nikampa, nikasahau kabisa niliyoyaandika humu. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, na sikuona uso wake ukibadilika, hata alipofika kwenye ya wifi. Alitoa penseli akawa anapiga mstari mwembamba chini ya maneno fulani, kisha akanigeuzia.

Alikuwa amepiga mstari chini ya "nimewakata meno", tarehe sita. Chini ya "watoto tisa kwa Mama Mapacha", tarehe saba. Chini ya Mwalimu Mstaafu, tarehe kumi na moja. Halafu chini ya vifo: kumi na nne, kumi na tano, ishirini. Kila mahali siku nane au tisa.

"Na wa Malkia?" akauliza. "Uliwakata lini?"

"Tarehe ishirini na nne Februari."

Wa kwanza walikufa tarehe tatu. Sikuhitaji penseli.

"Mama, koleo unaliosha na nini?"

Nikamletea. Lilikuwa limekunjwa kwenye kitambaa chake, linang'aa. Nikamweleza ya baba, kwamba halijaguswa na maji miaka thelathini. Nilimweleza kwa fahari, Mungu wangu, mdomo ulikuwa umezoea kuyasema hayo kwa fahari, na nikiwa katikati ya sentensi nikakitazama kitambaa. Kilikuwa cha bluu zamani. Sasa ni kahawia, kigumu, na ule ugumu si mafuta.

"Ukikata, fizi hutoka damu?"

"Mara nyingine."

"Na huyu akimaliza, unamshika mwingine."

"Ndiyo."

"Na kutoka hapa unakwenda kwa jirani."

Nikakisukuma kile kitambaa mbali nami.

Akasema hawezi kuapa kwamba koleo limefanya yote. Baridi na unyevu wa masika vimesaidia, na huenda majike ya majirani walikuwa na bakteria huyu kooni tangu zamani. Ila meno yaliyokatwa huacha fizi wazi, na koleo lile lilikuwa likimtoa mdomo mmoja kumtia mwingine. Kulichemsha tu dakika kumi kati ya zizi na zizi, na kulichovya kwenye dawa kati ya mtoto na mtoto, kungetosha. Nikamuuliza na ndoo za makombo je. Akatikisa kichwa. "Makombo ya wifi yako ni kitu safi kuliko vyote nilivyoona katika banda hili."

Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni. "Majirani nitawaambia kuhusu dawa na usafi. Hayo mengine," akagusa daftari, "si kazi ya daktari."

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda kwa Mwalimu Mstaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake inatetemeka juu ya magoti. Akasema, "Nilikuita mwenyewe, Bi Koleo. Kosa tuligawane." Nimelia njia nzima.

Mama Mapacha hakunifungulia geti. Nilimwambia nikiwa nje, kupitia kwenye tundu la kufuli. Nilisikia anapumua upande wa pili. Kisha akasema, "Na mimi nilikwenda hosteli kwa maneno yako," nyayo zake zikarudi ndani.

Jioni nimekwenda kwa mkuu wa hosteli. Ameandika barua ya kumrudisha wifi kazini kuanzia mwezi ujao. Barua inasema "baada ya uchunguzi". Jina langu halimo. Nilipaswa kumwambia aliweke, na sikumwambia.

Jumapili, 21 Aprili

Fundi amerudi nyumbani. Anatembea ameshika ukuta, maana masikio yakifa na kizunguzungu nacho huingia. Tumemkatia vipande vya boksi vya kuandikia. Kitu cha kwanza alichouliza alipoketi ni kile kile: "Hamjajua bado ni nani alimsema mke wangu?" Anaongea kwa sauti kubwa mno, hajisikii. Wifi akaandika kwenye boksi: *Yameisha. Nimerudishwa.* Akasema, "Kwangu hayajaisha. Nikimjua!"

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaipeleka nje kuiosha, ingawa ilikuwa imeoshwa.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua zinapungua. Mteja wake wa zamani kaleta pikipiki. Fundi ameiwasha, akachukua bisibisi, akaisimamisha juu ya injini, akabana mpini sikioni, akafumba macho. Sote tulisimama. Akauhamisha mpini sikio la pili. Halafu akauweka kwenye taya, halafu kwenye meno. Alizima injini akamwambia yule mteja ampelekee fundi mwingine.

Hakuna nguruwe aliyefariki wiki hii. Daktari amewachoma dawa wote. Nimeandika "aliyefariki", kama mtu. Basi iwe hivyo.

Jumapili, 5 Mei

Jua limetoka. Fundi alikuwa ameketi chini ya upenu akifungua kabureta, amenipa mgongo. Nikavuta kigoda nikakaa nyuma yake, na nikasema yote. Nilisema koleo. Nilisema kitambaa. Nilisema ni mimi niliyempa Mama Mapacha yale maneno, na kwamba niliiona ile bandeji juu ya jiwe la kufulia na sikufungua mdomo, mimi ambaye sijawahi kufunga mdomo. Nilisema, "Nisamehe, mdogo wangu." Nilisema mpaka mwisho. Aliendelea kupuliza kabureta yake.

Nikajihisi mwepesi kidogo. Nilipogeuka, wifi alikuwa kizingitini na ungo.

"Umemaliza, wifi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umeongea vizuri. Sasa mwambie yeye."

Sikuwa na pa kuuweka uso. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku ile ya hosteli. Mkuu alinisomea mashtaka. Yalikuwa na 'mtu wa kunyamaza simwamini'. Nani mwingine anaongea hivyo mtaa huu?"

"Na hukumwambia mumeo?"

Alipepeta mara mbili, tatu. "Ana dada mmoja tu. Nilisema nikungoje umwambie mwenyewe. Nimengoja mwezi mzima na nusu, wifi. Sasa nimechoka."

"Nitamwambiaje? Kwenye vipande vya boksi haitatosha."

"Daftari unalo," akasema, akaingia ndani.

Jumatatu, 6 Mei

Asubuhi, hakuna mvua. Wamekula pumba, na makombo yaliyochemshwa mara mbili. Koleo nimelichemsha. Limeanza kushika kutu pale kwenye msumari wake.

Nilitaka kuchana kurasa mbili, ya tarehe nane na ya ishirini na mbili. Nilishazikamata kwa vidole. Nimeziacha.

Naandika haya kwenye meza ya chakula. Fundi ameketi mbele yangu, chai yake inapoa. Ananitazama kalamu. Sasa hivi ameuliza, kwa ile sauti yake kubwa, "Dada, barua ndefu hivyo unamwandikia nani?" Nimemnyooshea kidole yeye. Amecheka, amedhani ni utani wetu wa siku zote. Wifi amesimama nyuma yake, ameweka mikono miwili mabegani mwake.

Mdogo wangu, anzia tarehe nne Machi. Usiruke ukurasa hata mmoja. Mimi niko hapa hapa, siondoki mpaka umalize.